Kistari Baada ya Mwaka

Alhamisi, 14 Januari 2021

Theluji imefika kwenye ubao wa pili wa ua. Asubuhi Rusana aliniita kutoka dirishani kwake. Kati ya nyumba yake na yangu kuna miti mitatu ya tofaa, na tangu ugonjwa uingie tunaongea hivyo, juu ya matawi.

"Mwalimu, uko hai?"

"Sijajua bado. Sijanywa kahawa."

"Kunywa, halafu utafute kalamu. Halmashauri wanataka orodha ya watu wa kuchanjwa, wapangwe kwa uhitaji. Mimi mwakilishi wa meya najua kupanga kuni. Kupanga watu ni kazi yako."

Nilimwambia nimestaafu miaka kumi na tisa iliyopita. Akasema basi nimeshapumzika vya kutosha, akafunga dirisha.

Sikukataa, kwa sababu nina haja yangu. Naiandika leo, siku ya kwanza, ili nisije nikajidanganya baadaye. Dada yangu Velika, miaka themanini na sita, yuko kwenye makao ya wazee mjini, ghorofa ya pili. Tangu Machi mwaka jana hakuna mgeni anayeruhusiwa kuingia. Bi Hadzhieva, mkuu wa makao, amenieleza kwenye simu kwamba wageni wa kwanza watakuwa waliochanjwa mara mbili, wenye cheti mkononi. Wengine watasimama bustanini na kupungia madirisha. Velika miguu yake haimfikishi dirishani. Na kila nikipiga simu maneno yake yanazidi kupungua. Wiki iliyopita nilimsimulia habari za theluji kwa dakika kumi. Mwisho akasema, "Haya," akamrudishia mhudumu simu.

Nataka kukaa naye angali ananijua. Sina haja nyingine.

Ijumaa, 15 Januari

Digrii kumi na nne chini ya sifuri. Supu ya maharage ya juzi.

Jumapili, 17 Januari

Rusana amezungumza na Kalina, muuguzi wa halmashauri. Nieleze jambo lilivyo, maana lote linategemea chupa. Chupa moja ya chanjo hii hutoa sindano sita. Ikishatobolewa haingoji, baada ya saa chache kilichobaki kinamwagwa. Kwa hiyo Kalina hawezi kupanda huku kwa ajili ya watu watatu au wanne, wala hawezi kufungua chupa ya pili kwa mtu mmoja. Anataka sita kamili. Majira ya baridi, kila mwenye watoto mjini akiwa ameshuka, kijiji hiki kina watu saba.

Nimechukua karatasi ya mistari nikachora jedwali, kama nilivyokuwa nikifanya wakati wa mitihani. Safu ya kwanza umri, ya pili maradhi, ya tatu idadi ya watu ambao mtu hukutana nao kwa wiki. Zlatka, miaka tisini, moyo. Penko, themanini na minne, mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mgodi wa madini ya risasi. Mkewe Trendafila, themanini, shinikizo la damu. Stamen, sabini na saba, kisukari, na ulimi, ingawa ulimi sikuupa alama. Rusana, sitini na sita, ana kifaa kifuani cha kuusukuma moyo. Wakabaki wawili. Mimi, sabini na tisa, mzima, nisiyetoka. Na Hayri, sabini na miwili, mzima pia, ambaye kila asubuhi hupasua kuni na kuziingiza katika kila nyumba, hadi jikoni.

Nilipojumlisha, Hayri alinizidi alama mbili.

Nilikaa na karatasi hiyo hadi kahawa ikapoa. Kisha nikajiambia kwamba safu ya tatu haina kipimo cha kuaminika, kwamba kukutana na watu si sawa na kuugua, na kwamba mkaguzi yeyote wa shule angeipinga. Nikaifuta. Bila safu hiyo mimi ni wa sita.

Jumatatu, 18 Januari

Sikukuu ya Mtakatifu Atanas, katikati ya baridi. Hayri alileta kuni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Hayri. Kaa huko huko mlangoni."

"Nikikaa mlangoni, kuni zitaingia zenyewe?"

Aliingia, akazipanga kando ya jiko. Nilimweleza habari ya chupa, na kwamba yeye ni wa saba. Hakuacha kupanga.

"Hata darasani uliniweka dawati la nyuma," alisema.

"Ulikuwa mrefu. Uliwaziba wenzako."

"Ndivyo ulivyonieleza." Akachungulia ndani ya jiko. "Jivu limejaa. Nikutolee?"

Akalitoa. Niliposikia mlango wa nyumba yake kule juu ukifungwa, nilikuwa bado nimesimama pale pale, jedwali mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha. Hakuomba kuliona.

Jumatano, 20 Januari

Nimempa Rusana orodha. Nimeiandika kwa mwandiko wa ubaoni: jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha maradhi. Zlatka Uzunova, 1930 – moyo. Na kadhalika. Rusana akaisoma kwenye theluji, miwani imeganda.

"Huwezi kubandika magonjwa ya watu hadharani. Trendafila atakufa kwa aibu kabla ya shinikizo lenyewe."

"Yafute basi."

"Nitamwambia karani wa mjini ayafute, aichape vizuri. Wanataka ibandikwe siku tatu, mwenye pingamizi aseme."

Ijumaa, 22 Januari

Nimempigia Velika. Amelala, walisema.

Jumanne, 26 Januari

Gari la mkate limefika baada ya siku tano. Limeleta na orodha, imechapwa vizuri. Rusana ameibandika kabla ya saa sita mchana.

Jumatano, 27 Januari

Leo nimefanya kosa ambalo mwalimu wa mwaka wa kwanza hangefanya. Au tuseme nililifanya wiki iliyopita na leo limenirudia.

Nilisikia makelele kwenye chemchemi. Nikavaa barakoa na buti, nikashuka. Stamen alikuwa amesimama mbele ya ubao, fimbo juu, anasoma kwa sauti kama padri. Trendafila alikuwa ameshika kitambaa cha kichwa kwa mikono miwili. Zlatka alikuwa ameletwa kwa kigari chake cha kuni na Hayri.

Ubao ni mmoja tu kijijini, na hubandikwa tanzia. Kila aliyekufa yuko pale: picha, jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, mwaka wa kufa. Baada ya siku arobaini anabandikwa tena, baada ya nusu mwaka tena, kisha kila mwaka, mpaka wanaomkumbuka wachoke au wabandikwe wao. Mke wangu Rayna yupo, karatasi ya mwaka wa tatu, imepauka. Kando yake, leo, palikuwa na karatasi mpya nyeupe yenye majina sita. Karani alikuwa amefuta magonjwa. Hakufuta vistari vyangu.

*Zlatka Uzunova, 1930 –*

*Penko Dimchev, 1936 –*

*Trendafila Dimcheva, 1940 –*

Na wengine, hadi mimi. Mwaka, kistari, na nafasi nyeupe inayongoja.

"Njoo, mwalimu, njoo," alisema Stamen. "Tulikuwa tunakungoja wewe utujazie. Mimi niandikie baada ya Pasaka, nina mwanakondoo wa kumaliza."

"Ni orodha ya chanjo," nilisema. "Kistari kilitangulia neno. Neno limefutwa. Kisarufi, kistari kisichofuatwa na kitu—"

"Kisarufi tumekufa," alisema Stamen.

Trendafila alikuwa analia bila sauti. "Umetuweka mimi na Penko mstari juu ya mwingine, kama wale waliokufa kwenye ajali ya basi."

"Na Hayri je?" alisema Zlatka kutoka kwenye kigari. "Jina la Hayri silioni."

"Hayri hayumo," nilisema.

"Ahaa." Akageuka kumtazama aliyemleta. "Kumbe wewe ndiye ambaye mwalimu anaona ataishi. Hongera, mwanangu."

Hayri peke yake alicheka, tena kidogo. Stamen akatoa kalamu ya seremala mfukoni, akafuta jina lake kwa mstari mnene. Akampa Trendafila. Trendafila akafuta lake na la mumewe. Zlatka akasogezwa, akafuta la kwake polepole, kwa uangalifu wa mtu anayejua kuandika vizuri.

Tukabaki wawili kwenye karatasi, Rusana na mimi.

Alhamisi, 28 Januari

Kuni nimezikuta nje ya mlango. Hayri hakuingia.

Jumapili, 31 Januari

Hakuna aliyepita.

Jumatano, 3 Februari

Rusana, juu ya matawi: "Kalina anasema ikifika tarehe kumi na tisa hatuna sita, siku yetu anawapa kijiji cha ng'ambo. Wao wana kumi na wawili, na barabara ya lami."

"Waambie wenzetu."

"Nimewaambia. Wanasema wale wa kwenye tanzia wakachanjwe wenyewe."

Nimehesabu. Ng'ambo wakichukua siku yetu, zamu nyingine haijulikani ni lini. Redio inasema mjini wamefungua mlango kwa yeyote atakayejipanga mwishoni mwa wiki, kijana kwa mzee. Kutoka huku, na barabara hii, ni kama kutangaziwa karamu ya nchi nyingine.

Jumamosi, 6 Februari

Nimekwenda kwa akina Penko. Tangu Rayna afe sijawahi kufika getini kwao, na ni hatua mia mbili. Nilisimama nje. Penko alitoka na blanketi mabegani, akakohoa kwanza, ndipo akasema.

"Mwalimu, mimi nilishuka mgodini miaka ishirini na saba. Kila asubuhi tulipewa namba ya chuma. Aliyerudi anaitundika ukutani. Mimi orodha zenye nafasi tupu nazijua. Nitachanjwa, lakini siyo kutoka kwenye karatasi ile."

"Nitaandika nyingine."

"Kwa mpango upi?"

Nikaanza kumweleza jedwali, umri na maradhi. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Yaani umetupima nani amekaribia zaidi," akarudi ndani.

Njiani nikagundua kwamba ndivyo hasa nilivyofanya.

Jumapili, 7 Februari

Ukungu. Simu kwa Velika: "Unakula?" "Nakula." "Unalala?" "Nalala." Nilitaka kumweleza habari ya orodha, nikaona ni ndefu.

Jumatano, 10 Februari

Kwa Stamen. Hakufungua mlango. Alisema kupitia dirisha la zizi, kati ya mbuzi wawili: "Mwalimu, wewe huwa unakuja kwa watu ukiwa na haja. Haja yako ni nini?"

Sikumwambia. Nilisema ni afya ya kijiji.

"Afya ya kijiji," aliwaambia mbuzi.

Jumapili, 14 Februari

Siku ya kupogoa mizabibu. Huku juu hakuna mizabibu ila kwa Zlatka, shina moja ukutani, analolitunza kwa ubishi tu. Nilimkuta ameketi kitini kwenye jua, anamwelekeza Hayri akate wapi. Akanionyesha gogo la kukalia, mbali kidogo.

"Metodi, mdogo wangu," alisema, "mimi nina miaka tisini. Kistari changu nakijua tangu zamani, hakinitishi. Kinachoniudhi ni kukipangiwa na mtu."

"Lazima pawe na mpango, dada. Sindano ni sita."

"Nani kasema pasiwe? Kijiji kina mpango wake. Mfereji umeusahau?"

Niseme maji yalivyo. Chemchemi iko juu kabisa. Kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Georgi hadi vuli, mfereji mmoja unashuka katikati ya nyumba, na kila nyumba hufungua lango lake siku yake, kuanzia ya juu kwenda ya chini. Hakuna anayeuliza nani ana kiu zaidi wala nani ana nyanya nyingi. Serikali ilipounganisha mashamba yetu yote kuwa ya umma, maji yaliendelea kwa zamu. Ilipoyarudisha kwa wenyewe, maji yaliendelea kwa zamu.

"Andika kwa zamu ya maji," alisema Zlatka. "Bila miaka. Hakuna mtu atakayeifuta hiyo. Hata Stamen hajawahi kugombania maji, na yule hugombana na mvua."

Hayri alikuwa ameacha kukata. Alinitazama, akatazama chini mlimani, kuelekea kwangu. Aliona kabla yangu. Kisha akarudi kwenye mzabibu.

Jumatatu, 15 Februari

Nyumba ya juu kabisa, kando ya chemchemi: Hayri. Inayofuata: Penko na Trendafila. Kisha Zlatka. Kisha Stamen. Kisha Rusana. Ndio sita. Mwisho wa mfereji, yanapofika maji yaliyobaki: mimi.

Nimeandika. Sijaipeleka.

Nimejaribu njia zote. Kwamba mume na mke ni nyumba moja na hivyo zamu moja. Kwamba lango langu la zamani, kabla ya mafuriko, lilikuwa juu ya la Rusana. Hoja hii ya pili ni ya kweli, na ningeweza kuithibitisha kwa ramani niliyowachorea wanafunzi mwaka 1974. Nimeitafuta ramani hiyo asubuhi nzima. Nimeipata. Nimeikunja, nikairudisha.

Na kwa kuwa nimeanza kusema kweli, niandike na hili. Kabla ya ugonjwa, Velika alikuwa ameshakaa kwenye makao miaka miwili, na wageni waliruhusiwa. Basi lilikuwa linashuka kila Jumanne na kila Ijumaa. Nilikwenda kumwona Velika mara nne. Mara zote nne nilikuwa na sababu nyingine ya kwenda mjini.

Jumanne, 16 Februari

Nimeipeleka. Rusana aliisoma juu chini, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Mwalimu, na wewe je?"

"Mimi niko mwisho wa mfereji."

"Hilo naliona. Nauliza, na wewe je?"

Nikamweleza kuhusu Velika. Nilieleza kwa kirefu, ndivyo nilivyo, na theluji ikawa inatuangukia. Mwisho akasema, "Miaka kumi na minane tunapakana. Sikujua kama una dada aliye hai."

Jumatano, 17 Februari

Orodha iko ubaoni. Majina tu. Stamen alisimama mbele yake kwa muda mrefu. Hakuna aliyefuta.

Ijumaa, 26 Februari

Kalina amefika saa nne asubuhi, nyuma ya greda la theluji, sanduku la baridi mapajani. Tulimpa chumba changu cha zamani cha darasa, kwa kuwa ndicho chenye jiko linalovuta. Hayri alikuwa ameliwasha tangu alfajiri. Mimi niliandika majina kwenye daftari lake. Kazi hiyo hakuna aliyeninyang'anya.

"Hayri."

"Nipo." Alikunja shati hadi begani, mkono kama shina la mti. Alitoka kwenye sindano akaketi dawati la mbele kabisa, magoti yamefika kifuani, akaniangalia hadi nikalazimika kutabasamu.

"Penko. Trendafila." Walikwenda pamoja, mke akimshikia mume blanketi.

"Zlatka." Alikataa kubebwa.

"Stamen."

"Nipo, mwalimu, ila sikufanya zoezi la nyumbani."

"Rusana."

Kisha Kalina akainua chupa kwenye mwanga. Rusana alikuwa ameshamwambia habari ya dada yangu. Nilijua kwa namna Kalina alivyoepuka kunitazama. Aliingiza sindano nyingine, akavuta taratibu sana.

"Wakati mwingine hutoka ya saba," alisema. Akaielekeza dirishani. "Hii haifiki nusu. Nikikupa hii nitakuwa nimekudanganya, mzee wangu."

"Usinidanganye," nilisema.

Sheria inataka waliochanjwa wakae robo saa waangaliwe. Walikaa wote sita, kila mmoja dawati lake, mbalimbali, makoti yakitoa mvuke. Tangu Oktoba hatukuwa tumekaa chumba kimoja. Zlatka alisinzia. Mimi nilisimama karibu na ubao mweusi, mahali nilipozoea, nikaona kwamba kwa miaka arobaini nilikuwa nimewatazama watu kutoka hapo tu.

Stamen alinyanyuka kabla ya robo saa kwisha, akaburuta kiti hadi kwangu.

"Kaa," alisema. "Utadhani umeadhibiwa."

Jumatatu, 1 Machi

Zlatka ametuma uzi mwekundu na mweupe wa kufunga mkononi kukaribisha Machi, kwa kila mtu mmoja. Wangu umefungwa kwenye kuni, juu kabisa ya mzigo.

Jumatano, 3 Machi

Hayri ameingia hadi jikoni.

"Barabara imefunguka. Jumamosi nashusha magogo mjini. Wanachanja yeyote anayejipanga, si umesikia?"

"Nimesikia. Ni msongamano wa watu, Hayri."

"Ndiyo. Vaa barakoa mbili. Naondoka saa kumi na moja alfajiri, na mwenye kuchelewa atakaa nyuma na magogo."

Niliona ni wakati. Nikamwambia kwamba kwa hesabu yangu ya kwanza alinizidi alama mbili, na kwamba nilifuta safu.

"Najua," alisema.

"Umejuaje? Hukuiona karatasi."

"Mwalimu, ulinieleza dakika ishirini na sikukuuliza kitu. Wewe ukiwa na haki huelezi hivyo." Akapapasa mifuko akitafuta glovu. "Alfajiri. Usisahau kitambulisho."

Jumamosi, 6 Machi

Foleni ilizunguka zahanati, ikapita duka la dawa, ikafika maegesho. Niliuliza kama inavyoulizwa: "Nani wa mwisho?"

"Mimi," alisema mwanamume mwenye viatu vyembamba. "Mzee kama wewe si ungekuwa umeshachanjwa Januari?"

"Januari nilikuwa mlimani."

"Ungeshuka."

Hayri alitaka kulimaliza jambo. "Mpisheni mwalimu wangu, ana miaka themanini kasoro."

"Mwalimu wako, si wetu," alisema mwanamke mmoja mbele, bila ubaya. "Mimi nina mama kitandani. Yule pale anaendesha basi. Tuanze kuulizana hapa?"

Nilimwambia Hayri aniache. Nilisimama saa tatu na nusu. Watu walisema nani angestahili kutangulia: walimu, wauzaji madukani, wagonjwa, wazee, wenye kusafiri. Kila mmoja alikuwa na jedwali lake, na katika kila jedwali mwenyewe alikuwa wa sita. Sikuwacheka. Nilijikuta nafurahi kuwa kati yao, bega karibu na bega la mtu, jambo ambalo si la busara kiafya.

Nimechomwa. Ni chanjo ya aina nyingine. Ya pili ni baada ya wiki tisa.

Alhamisi, 18 Machi

Theluji tena. Mkono umeshaacha kuuma.

Jumanne, 30 Machi

Velika hakutaka simu leo.

Jumapili, 2 Mei

Pasaka. Rusana amegonga mayai mekundu nami juu ya ua, kama ilivyo desturi, langu limevunjika. Stamen amemchinja mwanakondoo, akaniletea mguu mwenyewe. "Hii ni haja yangu," alisema. "Yako utaniambia siku ukitaka." Nikamwambia pale pale, mguu wa kondoo mkononi. Alisikiliza yote. "Basi kumbe ni kitu kidogo tu," alisema, na nikaona alikuwa anafikiria jinsi kilivyo kikubwa.

Alhamisi, 6 Mei

Mtakatifu Georgi. Maji yamefunguliwa. Kwangu yatafika Jumanne.

Jumamosi, 8 Mei

Sindano ya pili. Foleni fupi. Cheti kina muhuri wa bluu. Bi Hadzhieva anasema ningoje siku kumi na nne, kisha nije siku yoyote.

Alhamisi, 13 Mei

Bayram, yaani Idi. Hayri ameleta baklava, keki ya asali, akakaa hadi birika likaisha.

Alhamisi, 27 Mei

Nimekwenda.

Bi Hadzhieva alinipokea mlangoni. Ni mwanamke mdogo kuliko sauti yake. Alisoma cheti, akaniandika, akanipa barakoa mbili na joho la karatasi.

"Usiivue hata kidogo," alisema. "Yeye hajachanjwa."

Nilidhani sijasikia. "Makao si mlichanjwa Januari? Nyinyi ndio wa kwanza nchi nzima."

"Ghorofa ya pili tulipungukiwa sindano moja. Bi Velika ndiye mkubwa kwa umri, alikuwa juu ya orodha. Akasema apewe Bi Ginka, wa kitanda cha jirani, kwa sababu Ginka ana watu wa kuja kumwona."

"Na sindano nyingine zilipofika?"

"Tulimwuliza tena. Akasema hana haraka. Wiki ijayo tunafungua chupa nyingine."

Alisema bila kunilaumu, kama mtu anavyosema chumba kiko wapi. Nilipanda ngazi. Nilisimama katikati ya ngazi muda mrefu kuliko magoti yalivyohitaji.

Alikuwa ameketi kitandani, shali begani, nywele zimekatwa fupi, bado zina maji ya kuoga. Aligeuka. Nilikuwa nimejifunika barakoa mbili na joho, macho tu nje.

"Umekonda, Metodi," alisema.

Nikakaa. Nikaanza kumweleza: theluji, chupa yenye sindano sita, orodha, zamu ya maji, foleni, wiki tisa. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Alinisikiliza huku akinyoosha mikunjo ya shuka kwa kiganja.

"Na kabla ya theluji?" alisema.

Nilitazama kitanda cha jirani, kitupu, kilichotandikwa. Ginka alikuwa bustanini na binti zake. Sauti zao zilikuwa zinapanda hadi dirishani.

"Velika, kwa nini ulitoa zamu yako?"

"Nilipiga hesabu. Ginka ana binti wawili. Mimi nina wewe."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa amefika mwisho wa hesabu zamani, na jibu halikumsumbua tena. Kwangu mimi ndiko lilikokuwa jipya. Nilijaribu kusema jambo, nikaona kwamba kila sentensi niliyoianza ilikuwa ni maelezo. Nikashika upande wangu wa shuka, nikanyoosha. Mhudumu akaleta chai, akaondoka.

"Wiki ijayo wanafungua chupa nyingine," nilisema mwishoni. "Niwaambie wakuandike?"

"Ili iweje?"

"Ili nije. Kila Alhamisi. Hayri hushusha magogo siku hiyo."

Alifikiri. Aliangalia dirisha, kisha mikono yangu, kisha kiti nilichokalia, kama mtu anayepima kama kitu kitaingia mahali.

"Alhamisi tunaogeshwa," alisema. "Njoo Jumatano."

Nilimwuliza mara ya pili ni siku gani, ingawa nilikuwa nimesikia.